Uchovu wa Ng'ambo

Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, Bi Chaki alikuwa jikoni akikoroga chai wakati mikono yake ilipochoka. Tangu aamke hakuwa amefanya kazi yoyote ya maana, ila kutandika kitanda na kuwasha jiko. Uchovu ulianzia kwenye ncha za vidole, ukapanda viganjani, ukaenda kukaa kwenye viwiko, uleule wa mtu aliyesimama kutwa nzima akikata nguo. Kijiko kikamponyoka. Mumewe, fundi wa mabomba, akakiokota, akakisuuza, akamalizia kukoroga.

"Umelalia mikono," alisema.

"Labda," alijibu Bi Chaki, akaenda kazini mikono ikining'inia.

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mkataji wa meza ya kwanza katika kiwanda cha sare. Jina alilipata kwa sababu ya kipande cha chaki alichokichomeka nyuma ya sikio, ambacho aliwahi kwenda nacho msibani na kuketi nacho hadi jioni bila mtu kumwambia. Kwenye meza yake yalikatwa mashati ya shule, ya wauguzi na ya walinzi, mashati tisini kwa siku, na hakuna lililowahi kurudishwa. Kitambaa kikiletwa alikipapasa tu kwa kiganja, akajua kitavutika upande gani kikishafuliwa. Ujuzi huo haukuandikwa popote. Ulikuwa mikononi, na mikono ndiyo hiyo imechoka.

Siku hiyo alikata mashati ishirini na matano. Jumanne akakata ishirini na manne, akijikaza kisabuni. Jumatano alikwenda kwa muuguzi wa kiwanda, mama mpole mwenye kitanda kimoja na dawa za aina tatu. Muuguzi aliibonyeza mikono kidole kwa kidole, akailaza kwenye mizani ya vifurushi mmoja baada ya mwingine, akaandika.

"Huu ni uchovu wa watu arobaini," alisema. "Wa kwako mwenyewe ni huu mdogo hapa kwenye kidole gumba."

"Na huo mwingine?"

"Wa ng'ambo. Unaanza saa ngapi?"

"Saa moja na nusu kamili."

"Ndipo wanapowasha mashine." Muuguzi akamwandikia mapumziko ya siku mbili, akamweleza kwa uaminifu kwamba hayatamsaidia, kwa kuwa mtu hawezi kupumzika uchovu usio wake. Hata mkaguzi wa kasoro, alisema, macho yanamchuruzika kuanzia saa hiyohiyo, naye amepewa miwani myeusi.

Kampuni ilikuwa na viwanda viwili vilivyofanana hadi rangi ya milango. Kimoja kilikuwa upande huu wa mto, cha pili ng'ambo, katika nchi nyingine, na katikati kulikuwa na daraja ambalo mtu alilivuka kwa kuonyesha kitambulisho mara mbili. Miezi mitatu kabla ya hapo, vijana wawili wa kampuni walimvalisha Bi Chaki glavu nyeusi zenye nyaya nyembamba, wakafunga kamera juu ya meza yake, wakamwomba akate kama kawaida na aseme kwa sauti kila anachofanya. Kwa wiki tatu alikata huku akiongea. Hapa navuta kidogo. Hapa naacha nusu kidole, kitambaa hiki kina hila. Kazi ile ilimpendeza, maana tangu aolewe hakuna aliyewahi kumsikiliza kwa muda mrefu namna ile. Mwishoni walimshukuru sana, wakampa kofia na kikombe chenye nembo ya kampuni, wakaondoka na glavu zao.

Mashine yenye akili mnemba ikafungwa ng'ambo. Huku, msimamizi aliwaeleza wafanyakazi, itakuja katika awamu ya pili. Umeme wa huku una tabia zake, sheria bado ziko bungeni, na wataalamu waliokuja kukagua walikuwa na fomu ya vigezo kumi na viwili, nchi ikapata vinne. La muhimu, alisema, ni kuwa tayari. Awamu ya pili ingekuja lini hakuna aliyejua, hata msimamizi mwenyewe, ambaye kila alipoulizwa alihamisha njiti ya kiberiti kutoka kona moja ya mdomo hadi nyingine.

Uchovu Bi Chaki angeuvumilia. Kilichomkaa kooni ni kwamba mashine ile alikuwa amekabidhiwa mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa kitindamimba wa mama yao, na tangu utotoni aliitwa Kitinda. Aliolewa ng'ambo, akapata kazi katika kiwanda cha huko. Kukata nguo alifundishwa na Bi Chaki, kwa magazeti ya zamani, kwenye sakafu ya chumba walicholala wote wawili. Hakuwa mkataji mbaya, wala mzuri hakuwa. Alikata kama mtu anayewahi basi. Mashine ilipofika, wakataji wenzake kumi na mmoja walihamishiwa idara nyingine, yeye akaachwa aisimamie, kwa sababu siku ya uteuzi alitangulia kufika. Kazi yake ilikuwa kubonyeza kitufe saa moja na nusu na kutazama skrini. Kufika saa saba mchana mashine haikumhitaji tena, akaenda zake nyumbani.

Naye alituma picha. Kitinda kwenye kiti kinachozunguka. Kitinda anajifunza kuogelea. Mkono wa Kitinda wa kushoto, kucha zimepakwa rangi, pete mpya kidoleni, na chini ameandika: "Chanda chema huvikwa pete, dada." Bi Chaki aliyasoma hayo simu ikiwa imeegemezwa kwenye bakuli la sukari, kwa kuwa kuishika hakuweza. Aliona wivu. Hakuupa jina jingine, wala hakujisingizia kuwa anamwombea mdogo wake mema. Alikuwa na wivu akivaa viatu, akawa na wivu akila, na akiwa njiani kwenda kazini alimwonea wivu hata mwalimu wa kuogelea, kwa kuwa aliishika ile mikono bure.

Katika ukumbi wa chakula kiwandani kulikuwa na ubao wenye safu mbili, Hapa na Ng'ambo. Miaka nenda miaka rudi safu zote mbili zilisomeka mashati elfu moja na themanini kwa siku, tisini kwa kila mkataji, wakataji kumi na wawili, na watu waliupita ubao ule bila kuuangalia. Sasa Ng'ambo ilisomeka elfu tatu na mia sita. Hapa ilisomeka elfu moja na kumi na tano, na kila mtu alijua pengo limetoka meza gani. Redioni mtaalamu mmoja alieleza kwamba tija ya mfanyakazi wa ng'ambo imepanda zaidi ya mara tatu wakati ya kwetu inashuka, akataja sababu: wenzetu wanajituma, sisi mikono yetu ni mizito. Mumewe Bi Chaki akabadilisha stesheni, akampata mtaalamu mwingine anayesema hayohayo kwa upole zaidi.

Baada ya wiki chache nyumba ilizoea. Asubuhi mume alimfunga mkewe vifungo vya blauzi, akamnywesha chai kwa kijiko, akampandishia mkoba begani. Jioni, saa kumi na nusu mashine ilipozimwa, uchovu mpya uliacha kuingia, lakini ule wa mchana ulikaa hadi wakati wa kulala.

"Leo wamekata nini?" mume aliuliza.

"Suruali. Za walinzi, namba kubwa."

"Tungekuwa na akili tungeiuza hii habari."

Kando ya friji walibandika kalenda ya sikukuu za ng'ambo, kwani siku hizo mikono ya Bi Chaki iliamka myepesi. Nchi ile ilipoadhimisha uhuru wake, yeye alikata mashati tisini na moja. Walipopumzika kumwomboleza rais wao wa zamani aliyefariki, akakata tisini na manne. Hilo ndilo lililomharibia zaidi. Msimamizi aliyahesabu mwenyewe yale tisini na manne, akasema, "Unaona, mama? Ukitaka unaweza."

Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Cheti cha muuguzi alikisoma mara mbili na akakiamini chote. Hata hivyo alimwita Bi Chaki pembeni, akatoa njiti mdomoni kwa heshima.

"Mimi naelewa," alisema. "Ubao ndio hauelewi. Nakupa hadi mwisho wa mwezi ujao, oda ya shule ikishaingia. Meza ya kwanza ikiendelea hivi, nitampa mwingine."

Bi Chaki aliitazama meza yake. Ukingo ulikuwa umelika pale anapoegemeza kiuno, na mkataji mwingine yeyote angekaa vibaya pale. Aliitaka meza ile kuliko alivyotaka mikono ipone. Mtu akikuondolea uchovu amekusaidia, lakini akikuondoa mezani, baada ya miaka kumi na tisa, utajiitaje ukiulizwa? Oda ya sare za shule, ambayo kila mwaka ilikilisha kiwanda kizima, ilikuwa inakaribia. Alihesabu sikukuu za ng'ambo zilizobaki kabla ya hapo, akakuta ni moja.

Kisha, Jumamosi moja isiyo sikukuu ya mtu yeyote, mikono yake iliamka myepesi. Hakuuliza kwa nini. Alifua, akapiga pasi, akamkalisha binti yake wa kidato cha pili kwenye kigoda akaanza kumsuka nywele kwa pupa, na saa nne Kitinda akapiga hodi mlangoni, amebeba boksi chini ya kwapa na mikono ameificha ndani ya mikono ya sweta.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona umezima mashine yako?"

"Tumeizima siku mbili. Kuna mtindo mpya." Kitinda aliketi ukingoni mwa kiti, akamwamkia shemeji yake, akasubiri mpwawe amalizwe kusukwa na kutoka nje. Ndipo akatoa mikono kwenye sweta, akaiweka mezani.

Ilikuwa mikono ya mtoto wa miaka minane. Ngozi ilikuwa laini, na penye vifundo palikuwa na vishimo. Pete ilikuwa imezungushiwa uzi ili isidondoke. Bi Chaki aliigeuza, akatafuta kovu la pasi, lile alilompa mwenyewe kwa bahati mbaya walipokuwa wadogo, hakuliona. Mikono ilikuwa imepumzika hadi ikarudi kwenye umri ambao pasi ilikuwa bado haijaanguka.

"Siwezi kushika mkasi, dada. Najaribu kwa mikono yote miwili, unanishinda."

"Uushike wa nini? Si una kitufe?"

Kitinda akaeleza. Kampuni imepata kazi ya shati jipya la shule, na mashine haijawahi kuona shati la namna ile. Wamempa kitambaa, karatasi za vipimo, kamera na zile glavu, akate mfano mwishoni mwa wiki, mashine ijifunze kwake. Wanaamini mkataji ni yeye, kwa kuwa hakuwahi kuwaambia mashine ilijifunza kwa nani. Ikifika Jumatatu hana kitu mkononi, watauliza yupo pale kwa kazi gani.

"Na mimi?" aliuliza Bi Chaki.

"Nitakusemea. Nitawaambia ni wewe uliyekata."

"Kama ulivyowaambia mara ya kwanza?"

Kitinda akasema kwamba kule hakuna anayemwita fundi siku hizi, wanamwita yule wa kitufe, na machozi yakamtoka, akayafuta kwa vile vidole vya mtoto. Bi Chaki aliitafuta huruma moyoni, akachomwa na wivu palepale alipokuwa akipapasa. Aliona hata hilo jina la yule wa kitufe angelipokea kwa moyo mkunjufu, kama lingekuja pamoja na kiti kinachozunguka.

"Lete kitambaa," alisema.

Walihamisha vyombo, wakatandaza kitambaa kwenye meza ya chakula. Mume akafunga kamera kwenye bomba la pazia, kazi aliyoifanya vizuri kuliko vijana wa kampuni. Bi Chaki akavaa glavu, akachukua chaki nyuma ya sikio. Mkasi ulipoingia kitambaani alifurahi hata akasahau kumchukia mtu. Alikata mgongo, akakata kola, akakata kifua cha kulia, akisema kwa sauti kama alivyofundishwa. Hapa navuta. Hapa naacha nusu kidole.

Alipofika kwenye kwapa la kushoto, alimwona mdogo wake amejilaza kitini, mikono midogo imekunjwa tumboni, anasinzia. Bi Chaki akasogeza mkasi ndani kidole kizima.

"Hapa nabana kidogo," alisema kwa sauti ileile. "Kitambaa hiki kina hila."

Alijua anachofanya. Katika miaka yake yote kiwandani, shati likikataa kuingia mwilini mashine za kushonea zilizimwa, watu wakasimama, na swali lilikuwa moja tu: nani kakata? Atatafutwa mkataji. Kitinda atasimama mbele yao na mikono yake ya miaka minane, na hapo itabidi aseme ukweli, na watavuka daraja kuja kumbembeleza dada yake. Bi Chaki alilikamilisha shati, akalikunja, akalitia kwenye boksi. Alimsindikiza mdogo wake hadi kwenye kona ya barabara, akambebea na boksi lenyewe.

Jumatatu saa moja na nusu uchovu ulirudi, na ulikuwa na umbo jipya. Bi Chaki alilihisi kwapa la kushoto likibanwa, akalihisi tena, na tena, mara elfu tatu na mia sita kabla ya jioni. Kila mara alitabasamu kidogo. Mumewe alidhani anapata nafuu.

Alingoja mashine izimwe ghafla katikati ya mchana. Haikuzimwa. Ng'ambo siku hizi shati halikuvalishwa mtu. Lilikaguliwa na mashine nyingine, iliyofundishwa na yule mkaguzi mwenye miwani myeusi kulinganisha kila shati na mfano wake, na mfano ulikuwa ni ule uliotoka mezani kwa Bi Chaki. Yalilingana yote. Siku kumi na moja za kazi zilipita, mashati karibu elfu arobaini, na hakuna swali lililoulizwa.

Siku ya kumi na mbili mtunza ghala wa huko alivaa moja kwa mzaha, akashindwa kunyanyua mkono wa kushoto kupunga. Wakamwita Kitinda. Kitinda akasogeza mstari kwenye skrini kidole kimoja nje, kazi ya dakika nne. Mashine ikaanza kukata upya yale elfu arobaini. Kuhusu nani alikata mfano, hakuna aliyekumbuka kuuliza, kwa kuwa mstari ulishasogezwa.

Mikono ya Bi Chaki ikayakata yote mara ya pili. Kufikia hapo hakuweza hata kugeuza kitasa cha mlango.

Mwisho wa mwezi ubao ulibadilishwa. Ng'ambo ilisomeka karibu mashati elfu themanini ya mtindo mmoja, idadi ambayo haijawahi kuonekana upande wowote wa mto, maana shati lililoharibika nalo ni shati na lilihesabiwa. Mtaalamu wa redio aliisifu nchi ile kwa jina. Kitinda alipewa cheti, akatuma picha amekishika kwa vile viganja vidogo, na safari hii hakuandika methali. Yale elfu arobaini ya kwanza hayakutupwa. Yaliuzwa kwa bei ya kutupwa kuvuka daraja, kwa shule za upande huu, ambazo hazina anasa ya kuchagua. Kwa kuwa shule zilishapata mashati, oda ya kila mwaka haikuja.

Meza kumi na mbili za kukatia zikabaki nne. Msimamizi alimfuata Bi Chaki mwenyewe, hakumtuma mtu.

"Si kwa sababu ya mikono yako tena," alisema, akitaka kumfariji. "Hata kama ungekata mia mbili kwa siku."

Vibarua wanne waliibeba meza ya kwanza hadi ghalani. Iliwabidi waigeuze ubavu ili ipite mlangoni, na chaki za miaka kumi na tisa zilizojificha kwenye nyufa zikamwagika sakafuni. Mfagiaji alizifagia. Bi Chaki alitoka getini saa tano, saa ambayo hakuwahi kuiona barabara ile, akashangaa ni watu wangapi walikuwa wakitembea tu.

Wiki iliyofuata binti yake alirudi kutoka shule amevaa shati jipya. Hata kabla hajavuka kizingiti mama yake aliona bega la kushoto lilivyopandishwa.

"Linakubana kwapa."

"Darasa zima, mama. Mwalimu akiuliza swali tunanyoosha wa kulia tu. Anayetumia kushoto siku hizi hajibu."

Bi Chaki alitaka kulifumua na kulipanua, kazi ya robo saa. Vidole havikukubali. Baba mtu akajaribu kwa koleo la mabomba, akararua kidogo, akaacha. Binti alipokwenda kulivua, Bi Chaki alisema, "Nililikata mimi hilo kwapa."

"Najua," alisema mumewe. "Nilikuwa nimeshika pazia, nilikuona."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umefurahi."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na Bi Chaki aliitafakari methali hiyo siku mbili tatu bila kupata faida yoyote. Majuto alikuwa nayo, lakini wivu haukupisha. Ulihamia karibu zaidi. Alimwonea wivu yule kijana aliyepewa moja ya meza nne. Alimwonea wivu mumewe anavyokaza koki. Na kila asubuhi saa moja na nusu, alipoketi kwenye benchi nje ya nyumba na kutumbukiza mikono katika beseni la maji ya vuguvugu, alimwonea wivu mdogo wake upya, kama vile hajawahi kumwonea.

Mwaka ulipokuwa unakwisha, karani wa takwimu alipita nyumba kwa nyumba kuhesabu nguvu kazi ya nchi. Alimkuta Bi Chaki kwenye benchi lake, saa nne. Alikuwa karani mwenye adabu, akaomba ruhusa kabla ya kuketi.

"Unafanya kazi, mama?"

"Nafanya."

"Kazi gani?"

"Kukata nguo. Saa tisa kwa siku. Zamani mashati elfu tatu na mia sita, juzi wamepandisha, sasa ni elfu nne."

Karani aliitazama mikono ndani ya beseni. Vidole vilikuwa vikitetemeka polepole, na maji yakitetemeka navyo. Hakuwa na shaka. Nyumba ya tatu nyuma alikuwa ametoka kumhoji mwanamume mwenye miwani myeusi.

"Mashati yenyewe yako wapi?"

"Ng'ambo."

"Basi wameshayahesabu kule. Nikiyaandika na mimi yatahesabiwa mara mbili."

"Na uchovu?"

Karani akaigeuza fomu, akaipitia mbele na nyuma bila haraka, akipita safu kwa kidole. "Uchovu haumo," alisema. "Una ndugu anayefanya kazi nje ya nchi?"

"Mdogo wangu."

"Anafanya nini?"

"Anabonyeza kitufe."

"Kitufe cha nini?"

"Cha mashine ya kukatia nguo."

"Huyo naandika mkata nguo," alisema karani, akaandika. Kisha akarudi kwenye mstari wa Bi Chaki, na mahali pa kazi akaandika: hana. Mume alikuja, akamtoa mkewe mkono wa kulia majini, akaukausha kwa shati lake, akakigandamiza kidole gumba kwenye wino na kwenye karatasi. Karani alimshukuru, akamwomba radhi kwa kumsumbua akiwa kazini, akaenda nyumba inayofuata.